Barua kwa mpwa wangu aliyemaliza saa 18 za Vietnam

Mpwa wangu,

Ujumbe wako umenifikia. Sehemu 10, saa 18 za The Vietnam War, dokumentari ya Ken Burns na Lynn Novick kuhusu vita vya Marekani huko Vietnam, na umezimaliza kwa wiki moja! Mimi mjomba wako ilinichukua karibu miezi miwili, maana kila nikimaliza sehemu moja nilihitaji siku kadhaa za kunyamaza. Lakini ile sentensi yako ya mwisho, "Mjomba, sasa vita hivi navijua," imeninyima usingizi. Nakujibu hadharani kwa sababu si wewe peke yako uliyeniambia hivyo.

Tuanze na masikio. Mikanda mingi ya mapigano ya Vietnam ilipigwa bila sauti. Kwa hiyo ule mlio uliokukurupusha kitini, helikopta zile, majani yanayosagwa chini ya buti, kwa sehemu kubwa ni kazi ya mafundi waliokaa studio miaka 50 baadaye. Sisemi wamedanganya, bunduki zililia kweli. Ila hofu uliyoipata ilipimwa na fundi, akaamua iwe nyingi kiasi gani na iishie wapi.

Halafu ile sauti tulivu ya msimulizi, Peter Coyote. Mapema kabisa, kabla hujaona hati hata moja, inakwambia kwamba vita vilianzishwa kwa nia njema na watu waungwana, kutokana na kutoelewana. Ken Burns na Lynn Novick walifanya kazi hii kwa miaka 10, na wanastahili heshima yao. Lakini hiyo ni hukumu, na imesomwa kabla ya mashahidi kuitwa. Baadaye filamu hiyohiyo inakufikisha Ghuba ya Tonkin, Agosti 1964. Shambulio la Vietnam Kaskazini dhidi ya meli ya kivita ya Marekani, tarehe 2, lilitokea. Lile la tarehe 4 halikutokea, na bado tarehe 7 Bunge la Marekani lilimpa Rais Johnson ruhusa ya kutumia nguvu: kura 416 kwa 0 katika Baraza la Wawakilishi, 88 kwa 2 katika Seneti. Unapofika hapo umeshawasamehe, kwani si uliambiwa ni waungwana?

Usidhani ni ugonjwa wa Burns peke yake. Kisa kinachonifundisha zaidi ni cha zamani. Tarehe 23 Januari 1982, CBS, kampuni ya televisheni ya Marekani, walirusha dokumentari ambayo mwandishi wa habari Mike Wallace alikuwa mbele ya kamera. Madai yao yalikuwa mazito: kwamba mwaka 1967 kamandi ya Jenerali William Westmoreland, mkuu wa majeshi ya Marekani huko Vietnam, ilipunguza kwa makusudi hesabu ya wapiganaji wa adui, ili ionekane vita vinakwenda vizuri, mpaka mashambulizi makubwa ya adui wakati wa Tet, mwaka mpya wa Kivietnam, mwaka 1968 yakawaumbua. Westmoreland akafungua kesi, akidai dola milioni 120.

CBS wenyewe walipojichunguza wakakuta mambo ya aibu. Shahidi mmoja aliyekuwa upande wao alionyeshwa mahojiano ya wenzake, kisha akahojiwa upya. Majibu ya maswali tofauti yaliunganishwa yakawa jibu la swali moja. Hebu fikiria: mtu anajibu swali la asubuhi, mkasi unalihamishia jioni, nawe uliyekaa sebuleni unaona midomo yake inatikisika na maneno ni yake kweli. Utabisha vipi?

Ungetegemea jenerali ashinde. Hakushinda. Mahakamani New York, maofisa wake mwenyewe wa upelelezi, Jenerali Joseph McChristian na Kanali Gains Hawkins, walitoa ushahidi ulioipa nguvu CBS. Februari 1985 aliiondoa kesi kabla wazee wa baraza hawajaamua, bila kulipwa hata senti. Alichopata ni taarifa tu kwamba CBS hawakukusudia kumwita msaliti. Ndiyo maana kisa hiki nakipenda, na kinanisumbua. Filamu ilikatwa vibaya, na madai yake bado yalikuwa na miguu. Ukitaka kujua lipi ni lipi, televisheni haitakusaidia. Ilibidi watu waapishwe na kuhojiwa na mawakili wa pande zote mbili.

Mwaka huohuo wa 1985, PBS, televisheni ya umma ya Marekani, walirusha filamu ya kupinga mfululizo wao wenyewe wa 1983 kuhusu Vietnam, wenye sehemu 13. Waliopinga ni kikundi cha mrengo wa kulia, na msimulizi wao alikuwa mwigizaji Charlton Heston. Dokumentari ikajibiwa kwa dokumentari, kila moja na muziki wake.

Umeniuliza kwa nini Henry Kissinger, aliyekuwa mshauri wa Rais Nixon wakati wa vita hivyo, hakuhojiwa na Burns. Burns na Novick waliamua kuwaacha wakubwa nje na kuwapa kiti watu wa kawaida, wakiwemo wapiganaji wa Kaskazini. Naukubali uamuzi huo. Wakubwa wamezungumza vya kutosha. Ila hesabu tena waliokaa kwenye kile kiti. Wamarekani zaidi ya 58,000 walikufa. Askari wa Vietnam Kusini, washirika wa Wamarekani, waliokufa ni zaidi ya 200,000. Weka saa mkononi uone kila upande umepewa dakika ngapi za kulia.

Sasa nina kazi kwako. Rudia sehemu ya 6, ile ya Tet. Ukifika kwenye tukio la tarehe 1 Februari 1968, pale Jenerali Nguyen Ngoc Loan, mkuu wa polisi wa Vietnam Kusini, anapomfyatulia mfungwa risasi barabarani Saigon, zima sauti kabla halijaanza. Kisha chukua karatasi uandike unachokijua kuhusu yule aliyepigwa risasi, kwa picha peke yake. Unipigie ukimaliza, hata kama ni usiku.

Mjomba wako