Barua ya wazi kwa vijana wa vyumba vya kupanga: jifunzeni moto kabla ya viungo

Wanangu,

Hamjambo? Nawaandikia nyinyi mnaoanza maisha: wa mwaka wa kwanza chuoni, mliopata kazi mji wa mbali, mliooa na mlioolewa majuzi, na nyinyi mliotoka kwa mama zenu na sufuria moja, sahani mbili na godoro. Naandika kutoka Tanga. Nimepika miaka mingi, nyumbani na kwenye kibanda cha mama lishe, na ninachotaka kuwaambia ni kimoja. Msianze na viungo. Anzeni na moto.

Nawasikia mnavyoulizana. Utie binzari gani, kitunguu saumu punje ngapi, ile masala ya paketi inapatikana duka gani. Siwasikii mkiulizana moto uwe mkubwa au mdogo, maji yaingie lini, mfuniko ufunguliwe saa ngapi. Na chakula cha mpishi mpya nikionjeshwa na kikanishinda, mara nyingi kimeharibiwa na moto, maji au pupa. Maharage hayajawahi kunishinda kwa kukosa binzari. Yaliyonishinda ni yale yaliyotiwa kila kitu cha dukani nayo bado magumu.

Ugali uwe wa kwanza. Wengi wenu mnasema mnaujua, na wengi wenu mnakula ugali mbichi: nje umekaa vizuri, ndani una harufu ya unga. Kwa mtu mmoja mwenye njaa, bandikeni vikombe 2 vya maji. Pembeni vurugeni unga kidogo kwa maji baridi, mmimine kwenye maji yaliyopata moto, mkoroge mpaka uwe uji mwepesi. Sasa subirini. Uji huo uchemke haswa, urukeruke, dakika 3 hadi 5. Hapo ndipo unga unapoiva, na hapo ndipo mnaporuka kwa haraka ya kula. Baada ya hapo punguzeni moto, tieni unga kidogo kidogo huku mnasonga, mkiukandamiza kwa mwiko ubavuni mwa sufuria ili mabonge yavunjike. Unga wote hautazidi sana kikombe kimoja na nusu. Ukianza kuachana na sufuria na harufu ya unga mbichi ikaondoka, ugeuzeni, ufunikeni dakika mbili tatu moto ukiwa chini, kisha uepueni.

Kuhusu unga wenyewe, nuseni kabla ya kununua. Mahindi yaliyolala na unyevu huota ukungu, na ukungu huo huleta sumukuvu. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kuchemsha hakuiondoi, wala kusonga sana hakuiondoi. Unga wenye harufu ya uvundo au ladha ya uchungu mwageni, hata kama ni kilo 5 na mwezi haujaisha. Naelewa inavyouma kumwaga unga. Mwageni tu.

Kitu cha pili ndicho ningependa mkae nacho muda mrefu kuliko vyote, nacho ni rojo la kitunguu na nyanya. Mkiliweza hili, mmeweza nusu ya jiko la Mswahili. Chukueni kitunguu kimoja kikubwa, nyanya tatu zilizoiva na vijiko vitatu vya mafuta. Mafuta yapate moto wa kati, yasitoe moshi. Tieni kitunguu mkigeuze bila kuondoka hapo. Simu iwekeni kitandani. Kitunguu kwanza kinalainika, kisha kinaanza kuwa kahawia nyepesi pembeni, na harufu yake inageuka kutoka ukali kuwa utamu. Kitunguu saumu kitieni wakati huo, si mwanzo, maana kinaungua upesi na kikiungua kinaleta uchungu kwenye chakula chote. Kikitoa harufu, tieni nyanya zilizokatwakatwa au kukwaruzwa, na chumvi kidogo, mfunike, mpunguze moto.

Halafu ziacheni nyanya zifanye kazi yake. Mtafungua mtaona maji mengi, mtadhani zimeiva. Bado. Korogeni, endeleeni. Maji yatakauka, nyanya zitavunjika kabisa, rangi itakolea, na mwisho mtaona mafuta yanajitenga pembeni mwa sufuria. Hapo tu ndipo rojo limeiva. Nyanya isiyofika hapo ina ukali wa mbichi, na mtu anayeuonja ukali huo hukimbilia kuongeza masala na sukari ili aufunike, wakati alichohitaji ni dakika 10 nyingine. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, wanangu, na maneno haya sijayaona yakitimia mahali kama kwenye nyanya.

Rojo hilo ukilivunjia mayai mawili, umepata kitoweo cha usiku. Ukilitia maharage yaliyochemshwa, ndiyo maharage ya kuunga. Ukilitia samaki wa kukaanga na maji kikombe kimoja, ni mchuzi. Ndiyo maana nasema msiruke kwenda kwenye vyakula kumi. Rudieni hili mpaka mkono ulijue bila kufikiri.

Dagaa nao wanaingia humo humo, ila wana maandalizi. Wa Mwanza wengi huanikwa chini, kwa hiyo huja na mchanga. Waondoeni vichwa, mwaoshe kwa maji ya moto mara kadhaa mpaka maji yatoke masafi na chini ya bakuli kusibaki mchanga, ndipo muwakaange kidogo kwa mafuta kabla ya kuwatia kwenye rojo. Wa Kigoma ni wasafi zaidi, wana bei yao pia. Kamueni limau mwishoni. Kwa kijana asiye na friji, hakuna kitoweo rafiki kuliko dagaa mkavu: anakaa, anashibisha, na ana chumvichumvi za mifupa kwa vile mnamla na mifupa yake.

Maharage yanahitaji nafasi yake, kwa sababu humo mna hatari ambayo wengi hawajaambiwa. Maharage mekundu yasiyoiva yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha vibaya ndani ya saa chache. Yachambueni, myaloweke usiku kucha, asubuhi mmwage yale maji na kuyabandika kwa maji mapya. Yakishachemka, yaacheni yachemke kwa nguvu nusu saa nzima kabla ya kupunguza moto. Msidhani moto mdogo wa siku nzima unatosha peke yake. Sumu ile inataka mchemko mkali. Kisha teremsheni moto mpaka harage moja likibonyezwa kwa vidole viwili lipondeke bila kipingamizi katikati.

Nyanya, ndimu wala ukwaju visiingie kabla hayajalainika. Vitu vichachu huyafanya maganda yagome, na mtakesha mkiongeza maji na gesi inaisha. Magadi siwashauri. Yanalainisha upesi, ni kweli, lakini yanaharibu baadhi ya vitamini na kuleta ladha ya sabuni yakizidi. Kuloweka hakuna gharama. Yakiiva, tieni kwenye rojo, na mkipenda tui, lije mwisho, moto mdogo, mkikoroga ili lisikatike. Maharage ya nazi na wali mweupe ni chakula ninachoweza kula wiki nzima bila kulalamika.

Basi tuje kwenye wali. Mchele uchambueni kwenye sinia mkitoa chuya na vijiwe, muuoshe mara mbili tatu. Kikombe kimoja cha mchele, kikombe kimoja na nusu cha maji, mpaka viwili. Mbona sisemi kipimo kimoja? Kwa sababu mchele mpya hunywa maji kidogo na wa zamani hunywa mengi, na muuzaji mkweli atawaambia ni wa msimu gani mkimwuliza. Mkinunua mfuko mpya, pikeni kidogo kwanza muujue tabia yake. Maji yachemke na chumvi na kijiko cha mafuta, mchele uingie, mfunike. Maji yakikaribia kukauka na matundu yakatokea juu, teremsheni moto mpaka mwisho, dakika 12 hadi 15, bila kufunguafungua. Sisi wa mkaa tunapalia: makaa machache juu ya mfuniko, machache chini. Kwenye gesi hakuna kupalia, lakini mnaweza kuweka karatasi ya foili chini ya mfuniko ili mvuke usitoroke.

Kwa wali wa nazi, kuneni nazi, mkamue tui zito mliweke kando, muongeze maji ya vuguvugu kwenye machicha mkamue tui jepesi. Mchele upikieni kwenye tui jepesi, na lile zito limwagieni juu maji yakikaribia kukauka. Mkimimina lote mwanzoni, mafuta yake yanajitenga na chini panaungua.

Mchicha hauna maneno mengi. Osheni kabla ya kukatakata, si baada, kitunguu kidogo, nyanya moja, mchicha uingie bila maji, msifunike, dakika chache tu. Ukipoteza ukijani umepitiliza. Walio Kenya wafanyie hivyo hivyo sukuma wiki, wakiipa muda kidogo zaidi. Chumvi ya mboga za majani tieni mwisho, kwa sababu furushi kubwa litanywea likawa konzi moja, na chumvi iliyoonekana ndogo itakuwa kali. Kwa mchuzi wowote unaopungua, mwendo ni huo huo.

Sasa mnivumilie niseme kwa ukali kidogo. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya chumba mlichofunga madirisha, liwe la kupikia au la kuota wakati wa baridi. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na anayeivuta husinzia asiamke. Kuweka sufuria ya maji pembeni, kama wengine wanavyoamini, hakuzuii lolote. Pikieni barazani au uani. Serikali ya Tanzania mwaka 2024 ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ikilenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati hiyo ifikapo 2034, na nawaona wengi wenu tayari mna mtungi wa kilo 6. Vizuri. Uwekeni wima, chumba kiwe na hewa, na mkisikia harufu ya gesi msiwashe taa wala kiberiti: fungeni mtungi, fungueni mlango na madirisha, tokeni nje.

Na viporo. Wali uliolala juu ya meza usiku kucha kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa si chakula salama, hata ukipashwa moto ukatoa mvuke. Kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemka, na wali ukikaa vuguvugu vinaamka na kutengeneza sumu ambayo moto wa asubuhi hauiondoi. Mwenye friji aupoze upesi ndani ya saa moja hivi na aule kesho yake. Asiye na friji apike wa kutosha jioni hiyo. Hii ndiyo sababu nyingine ya kujifunza vipimo vya mtu mmoja, maana mama zenu wamewazoesha sufuria za watu wanane.

Kuna wavulana watakaosoma mpaka hapa wakasema barua hii ni ya dada zao. Wanangu, kwenye harusi zetu za pwani, anayesimama mbele ya sufuria kubwa la pilau tangu alfajiri, jasho linamtoka, mara nyingi ni mwanamume, na watu wazima wanamheshimu kwa kazi hiyo. Mkikaa wawili au watatu chumba kimoja, gawaneni zamu. Aliyepika asioshe vyombo. Anayekula bila kupika wala kuosha achangie mafuta, na aambiwe mapema kabla chuki haijaingia nyumbani.

Chapati, pilau na kisamvu nimeviacha kwa makusudi. Kisamvu kinataka kutwangwa na kuchemshwa muda mrefu, pilau linataka mtu aliyekwishakuijua rangi ya kitunguu, na unga wa chapati unataka mtu wa kukaa nanyi akishika mikono yenu. Kila mmoja ana shangazi, mama au jirani anayeweza. Mwombeni, mwende na unga na mafuta yenu, msiende mikono mitupu. Mkifika huko nitaandika tena.

Kwa sasa pimeni kikombe kimoja cha maharage, myachambue, na kabla ya kulala leo myaloweke.

Mama yenu,
Tanga