Shoga yangu, usianze Jumatatu

Mbagala, Ijumaa usiku

Shoga yangu,

Salamu nyingi. Huku sisi wazima, watoto wameshalala, nami nimekaa jikoni nikuandikie. Tangu mchana niliposoma ujumbe wako sina raha. Umesema umenunua dawa ya kusafisha mwili ya siku 14, ya kunywa kila usiku, na utaanza Jumatatu kwa kuwa ofisini kumetulia. Ile picha ya boksi nimeikuza nikasoma maandishi. Kitu cha kwanza kilichoandikwa ni sanamaki.

Nisikilize, maana mimi nimeyapitia. Mwaka jana baada ya Idi nilikuwa najisikia mzito, tumbo limejaa, naenda kazini nimechoka na narudi nimechoka. Nikanunua majani kama hayo ya siku saba. Asubuhi maji ya ndimu na tangawizi, mchana juisi ya tango, chai marufuku, wali marufuku. Kazini niliendelea kwenda. Kaunta ningemwachia nani?

Sanamaki bibi zetu wa Tanga na Unguja wanaijua vizuri: ni haluli, dawa ya kuharisha. Inausukuma utumbo mpana, na huchukua saa sita mpaka kumi na mbili kufanya kazi. Ukiinywa saa nne usiku, alfajiri inakukuta kwenye daladala la Kariakoo, umesimama, umeshika bomba. Siku ya pili nilishuka Mtoni nikabisha hodi nyumba ya watu nisiowajua, naomba choo. Mama mmoja alinifungulia, akanipa na ndoo ya maji. Simsahau.

Kufika siku ya tatu kichwa kilikuwa kinagonga kwelikweli. Walioniuzia wakaniambia hizo ndizo sumu zinatoka, nikaamini. Siku hiyohiyo nilimpa mteja chenji ya elfu arobaini badala ya elfu nne, na pesa ile ilikatwa kwenye mshahara wangu. Siku ya tano niliinama kuokota boksi, nilipoinuka macho yakaingia giza. Nilizinduka nikiwa sakafuni, wenzangu wananipepea.

Nesi wa zahanati alinipima presha akakuta iko chini. Akauliza nilikuwa nakunywa chai vikombe vingapi kwa siku. Vinne, mara nyingine vitano. Akaniambia kichwa kile ni cha kuacha kafeini ghafla. Huanza ndani ya siku moja hivi na kinaweza kukushika hata wiki nzima. Kizunguzungu nacho kilitokana na kuharisha, kwa sababu maji yanatoka na madini, hasa potasiamu, na moyo unaihitaji. Zile kilo tatu nilizofurahia kupungua zilikuwa maji. Zilirudi zote kabla mwezi haujaisha.

Hapo ndipo ninapokuhofia wewe. Unameza dawa ya presha, na uliniambia ni ile inayokukojoza. Dawa nyingi za aina hiyo nazo hupunguza potasiamu. Ukiongeza sanamaki usiku 14 mfululizo, moyo unaweza kupiga ovyo. Tafadhali, kesho asubuhi chukua boksi na vidonge vyako, uvipeleke pamoja kwa mfamasia au kwa daktari wako avione vyote viwili. Na dawa ya presha usije ukaiacha kwa ajili ya majani.

Nesi yule aliniambia pia kwamba figo huchuja kama lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu kwa siku, zinarudisha karibu zote mwilini, na lita moja au mbili tu ndizo tunazokojoa. Ini nalo lina kazi yake usiku na mchana. Nilirudi nyumbani nikiwaza: sawa, vinasafisha, lakini mimi navibebesha nini?

Basi nikaitazama siku yangu ya kazi. Asubuhi chapati mbili na chai ya vijiko vitatu vya sukari. Mchana soda baridi, kila siku. Chupa ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko tisa vya chai. Maji nilikuwa siyagusi kwa sababu choo kiko ghorofa ya pili na hakuna wa kunishikia kaunta. Chakula nakula wima saa kumi jioni, au sili kabisa mpaka nifike nyumbani saa tatu usiku, najaza sahani, nalala.

Nikamwendea bosi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi anayepitisha saa tano mfululizo mapumziko ya saa nzima. Nilimweleza kwa adabu, akakubali tupokezane: mwenzangu anatoka saa saba, mimi saa nane. Shoga, saa ile moja imenifaa kuliko vyote nilivyonunua. Nakula nimekaa, nakunywa maji bila kuogopa ngazi.

Chai niliipunguza kikombe kimoja kila baada ya siku chache, na kichwa hakikuuma. Soda imebaki ya Ijumaa. Jumapili nachemsha maharage ya wiki, nagawa nagandisha, asubuhi nabeba na matembele na kipande cha papai. Choo kimelainika chenyewe. Miezi mitatu ilipita ndipo nikaona nimepungua kilo mbili, na hizo hazijarudi.

Najua unavyotamani kuamka Jumatatu ukiwa mwepesi. Nami nilitamani hivyohivyo, ndiyo maana sikucheki hata kidogo. Jumapili jioni nitakupigia uniambie mfamasia kasemaje. Lile bakuli la mfuniko wa kubana nililokuahidi nimelipata Kariakoo, nitampa kondakta wa basi la Tanga la Jumanne asubuhi. Ulipokee stendi.

Mama nisalimie sana.

Ni mimi shoga yako wa Mbagala