Panga zisubiri, kwera wanalea

Kwa Mhariri,

Ndege wa mvua aliimba alfajiri ya Jumanne, zile sauti zake tatu zinazoshuka, tena na tena, mpaka jirani akafungua dirisha kuuliza kuna nini. Mimi huuza miche hapa Kiamunyi, Nakuru, na kwa miaka 16 huyo ndiye kalenda yangu. Nikimsikia, natayarisha mbegu za sukuma wiki na kabeji. Siku nne baadaye mvua ilishuka, na jioni ile ile kumbikumbi wakafumuka ardhini kando ya kitalu, wakaacha mabawa kibarazani kama maganda ya njugu. Kuku walikula wakachoka.

Mbayuwayu nao wanaaga. Wamekuwa wakijipanga asubuhi kwenye waya wa stima, safari ya Ulaya iko mbele yao, na huko watu wanawangoja kama dalili kwamba baridi imekwisha. Wengi wetu hapa mjini tunadhani wa kutazamwa wako kule mbugani, Ziwa Nakuru, kwenye flamingo na vifaru, na ni lazima ulipe getini. Mimi nina ua wa kayaba tu, ile miti ya miiba inayozunguka ploti, na siumalizi kuutazama.

Wanaonishika moyo zaidi ni kwera, wale ndege wanaosuka viota vyao kwa majani. Hawa wa bustani zetu hawajengi kwa kundi kubwa kwenye mti mmoja, hukaa wawili wawili, dume na jike. Wote wana tumbo la manjano na mgongo mweusi. Mwenye kichwa cheusi chote ni jike, mwenye paji la manjano ni dume. Dume hutua kwenye jani la nepia, ile nyasi ndefu ya kulisha ng'ombe, huuma ukingo wake, kisha huruka na utepe ukichanika nyuma yake. Akifika tawini huukanyaga kwa mguu mmoja, huupitisha kwa mdomo, huuvuta, huupitisha tena. Makinda wakishaanguliwa, kazi ni kulisha. Siku moja nilikaa na chai yangu nikahesabu: ndani ya saa moja wazazi walirudi kiotani mara 14, na mara nyingi mdomoni mlikuwa na kiwavi wa kijani, wale wale wanaonitobolea kabeji. Tangu siku hiyo sijapiga dawa upande ule wa kitalu.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Mwaka jana, wiki ya pili ya Aprili, mwenye ploti ya pili alileta vijana wawili wenye panga wanyooshe ua. Niliwakimbilia nikawaambia, "Wanangu, ngojeni kidogo, humo mna makinda." Mmoja alisimama kwa adabu akanijibu, "Shosho, hao ni ndege tu, na tumeambiwa tumalize leo." Tawi lilikuwa tayari chini. Kiotani mlikuwa na makinda wawili wasio na unyoya hata mmoja, ngozi nyembamba hadi unaona tumbo likipanda na kushuka, midomo wazi. Nilikifunga kiota kwa kamba ya katani kwenye mparachichi. Usiku ulikuwa wa baridi, asubuhi nikawakuta wamekufa. Kwa siku mbili wazazi walikuja na viwavi mdomoni, wakawa wanapepea hewani pale pale tawi lilipokuwa.

Siwalaumu vijana, walikuwa kazini. Nawaomba wenye ploti na wanaotoa amri ya kukata. Kayaba inakubali kukatwa Januari na Februari, wakati wa kiangazi, na haifi. Kutoka yai hadi kinda kuruka ni kama mwezi mmoja tu. Mwenye haraka kabisa na afunue matawi kwanza, na akikuta kiota aache hatua tatu kila upande.

Apekue pia kwa ajili ya kinyonga, maana mwenye panga hamwoni. Kinyonga wa huku kwetu kwenye baridi hatagi, huzaa watoto walio hai, na msimu huu nawakuta kwenye majani, wembamba kama njiti za kiberiti. Watu humpiga mawe wakidai ana sumu. Hana sumu hata chembe. Nimemtembeza mkononi mbele ya watoto wa mtaa: vidole vinakushika kama koleo, jicho moja linakutazama wewe, la pili linamfuata nzi.

Safari hii nilimwendea yule mwenye ploti mapema, mwezi wa pili, tukazungumza vizuri. Amekubali ua usiguswe hadi Julai. Leo asubuhi dume amefunga tepe mbili za kwanza za nepia kwenye tawi lililo juu ya geti lake.

Muuza miche,
Kiamunyi, Nakuru