Yaya, mume wangu si Mukulu

Yaya, kaka yangu mkubwa,

Simu zangu hupokei, basi soma hapa, na wengine wasome.

Siku ile ya matanga ya Papa Mdogo, aliyeuawa na waasi wa ADF, mume wangu Mwislamu alifika na gunia la mchele begani. Ukamzuia pale kwenye turubai, mbele ya wanakwaya wote: "Wapelekee ndugu zako waliomkata." Akatua gunia, akakupa pole, akaondoka. Kisha ukanigeukia mimi: "Hata Mukulu alisilimu kama wewe."

Ndiyo, Jamil Mukulu, yule kiongozi wa ADF, alisilimu. Alizaliwa Uganda kwa Wakristo, akiitwa David Steven. Ila hadithi uliianza ukaiachia njiani. Mwaka 1991 yeye na wenzake wa Tabligh, kundi la wahubiri wa Kiislamu, walivamia wapi? Makao makuu ya Waislamu, Old Kampala, kwa ugomvi wa nani awe mufti. Polisi walikufa, naye akafungwa. Baadaye ndiyo ikaja ADF, wakaungana na Nalu, waasi wengine wa Uganda, wakajichimbia kwetu Kongo, huko milima ya Ruwenzori. Mwaka 1998 wakachoma wanafunzi 80 wa chuo cha Kichwamba, Uganda. Mukulu alikamatwa Tanzania 2015. Msitu ukabaki kwa Musa Baluku, aliyekula kiapo kwa Dola la Kiislamu.

Na wewe ulikuwa Beni Mei 2021, Yaya! Yule sheikh aliyewalaani ADF hadharani alipigwa risasi msikitini, Ramadhani, watu wakiwa kwenye swala. Ulinipigia simu usiku ule ule, sauti inatetemeka, kuuliza kama mume wangu yuko salama. Huyo yaya wa usiku ule alienda wapi?

Najua ni wewe uliyeutoa mwili wa Papa Mdogo kwenye shamba la kakao. Mimi sikuona ulichoona, na sikudai usilie vibaya. Lakini watoto wako usiwalishe maneno yale. Wanasoma na watoto wa Kiislamu, kesho wataoana nao, kama mimi. Mimi sikulazimishwa na mtu. Nilisilimu nikiwa na akili zangu, na Mama alipougua nani alimlaza kwake hapa Goma mpaka mwisho? Wewe ulituma salamu.

Siku ya kutoa matanga sitakuja peke yangu. Tutakuja wawili, ama hatuji.

Minervali, karo ya shule ya watoto wako, itafika kama kawaida. Mara hii muulize mke wako inatoka mfuko wa nani.