Kwa Mwanaidi, kabla hujasaini

Long Beach, California

Mwanaidi shoga yangu,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Mama anaendeleaje na mguu? Mwambie dawa yake ya kuchulia nimempa Kibwana, akifika ataileta hadi mlangoni. Nimefurahi sana kusikia Tunu kapata chumba, safari hii atulie.

Sasa, ujumbe wako wa sauti. Nimeusikiliza wote, hadi pale sauti inapokukatika. Kwamba wenye maduka makubwa ya mjini wanaitaka chapa yako waiweke kwenye matawi yao yote, na kwamba vijana wa skeiti, wale wa ubao wa magurudumu, pale kijiweni wameanza kukuita msaliti. Nimesikia kuwa hilo la pili ndilo lililokuliza. Nimeona nikuandikie, maana maneno ya simu hupita, na haya nataka uyasome tena ukiwa umekaa na Shomari na yule wakili wake.

Kwanza pokea hili kutoka kwangu: kuuza kaptura na fulana kwa watu wengi si usaliti. Umeanza na cherehani moja ya kukanyaga, leo una mafundi wanaokutegemea na watoto wao wako shule. Anayekukataza kula jasho lako, mwezi ukiisha kodi ya kibanda atalipa yeye?

Lakini hofu yako si ya bure, na ndiyo maana nataka nikusimulie habari za Vans, ile kampuni ya raba. Mimi nakaa si mbali na Anaheim, walikoanzia. Raba zao unazijua, soko la Karume zimejaa, za mtumba na za bandia. Paul Van Doren, ndugu yake James na wenzao wawili walifungua mlango tarehe 16 Machi 1966, kiwanda na duka mahali pamoja. Siku ile walikuja wateja 12. Wakachagua wanachotaka, raba zikashonwa, jioni wakarudi kuchukua. Hata chenji haikuwepo, wakaambiwa nendeni nazo, pesa mtaleta kesho. Wakaleta wote. Mwanaidi, huyo si wewe kabisa, na daftari lako la madeni?

Raba zile hazikutengenezwa kwa ajili ya skeiti. Vijana wa ubao ndio waliozitafuta wenyewe, kwa sababu soli ilikuwa nene na inang'ang'ania ubao. Na unajua juu ya ubao kuna kitu mfano wa msasa, mtu akiruka, kiatu kinasuguliwa upande mmoja mpaka kinatoboka. Basi Vans wakawauzia kiatu kimoja, cha mguu uliotoboka tu! Mwaka 1976 wakakaa na Tony Alva na Stacy Peralta, vijana waliokuwa wakitamba kwenye mchezo huo, wakatoka na raba yenye shingo iliyotiwa sponji na rangi walizozitaka wao. Haya mambo ndiyo yaliyowapa jina. Tangazo la biashara lisingeweza.

Kisha mwaka 1982 mwigizaji Sean Penn akavaa zile za miraba myeusi na myeupe kwenye filamu, na Marekani nzima ikazitaka. Hapo ndipo watu husema mambo yaliharibika, walipopendwa na kila mtu. Mimi sikubaliani. Kupendwa hakukuwaumiza. Kilichowaumiza ni kutaka kuwafuata wakubwa wa viatu vya michezo kila walikokwenda. Paul alikuwa ameshampisha ndugu yake uongozi, na kampuni ikaanza kutengeneza viatu vya besiboli, mpira wa kikapu, soka, mieleka, ndondi, hata vya watu wanaoruka na parachuti! Gharama zikapanda, na raba za bei rahisi kutoka nje nazo zikafurika. Mwaka 1984 wakaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Paul ikambidi arudi, abane matumizi, na madeni yakalipwa. Mwaka 1988 familia ikauza kampuni kwa takribani dola milioni 74.

Ndiyo maana nilishtuka uliposema hao jamaa wanataka uongeze jezi za mpira, nguo za mazoezi na suti za michezo za shule, yote ndani ya mwaka mmoja. Mwanaidi! Wewe kaptura yako imependwa kwa sababu ya kile kiraka cha ndani pale makalioni na mfuko wa zipu ambao simu haichomoki mtu akianguka. Nani alikwambia uweke? Vijana hao hao wanaokutukana leo. Jezi za mpira nani atakwambia kwapa linabana? Hukai uwanjani wewe.

Na usidhani nakuambia usiuze. Ngoja nikupe jambo lililonipa moyo. Baada ya familia kuuza, yaani mikono ilikuwa mingine kabisa, kulikuwa na raba ndefu ya Vans yenye jina la mchezaji wa skeiti Steve Caballero, iliyotoka mwaka 1989. Vijana wakaona inawabana kifundoni, wakawa wanaikata juu wenyewe na kuifunga kwa utepe wa gundi. Kampuni ingeweza kukasirika kuwa wanaharibu kiatu. Badala yake, mwaka 1992 wakaitoa fupi, imeshakatwa, na hadi leo inauzwa. Kwa hiyo kubadilika kwa mwenye mali peke yake si kifo. Cha kutazama ni kama kuna mtu ofisini ambaye bado anashuka kijiweni kuona vijana wamekata nini.

Ingawa hata mimi kuna jambo linaniuma. Katikati ya miaka ya 1990 kile kiwanda chao cha mji wa Orange, hapa hapa California, kilifungwa, ushonaji ukahamia nje. Waliokuwa wakishona pale... basi, nikifikiria hilo namuona Fundi Hamisi na yule dada wa vifungo. Mwaka 2004 shirika la VF, la nguo na viatu, likainunua Vans kwa dola milioni 396, ikakua mpaka mauzo ya mwaka yakavuka bilioni 4, halafu baada ya 2022 yakaporomoka, ndani ya miaka miwili yakawa chini ya bilioni 3. Mimi naona raba ile ile yenye mstari ubavuni ilikuwa imejaa kila dirisha la duka, na macho yakachoka.

Narudi kwa vijana. Usiwakimbie. Abuu ana mdomo lakini ndiye aliyekuletea wateja wa kwanza. Waite, uwaeleze kabla hawajasikia kwa wengine, na waambie bei yao pale kibandani itabaki ile ile kama kweli unaweza kuisimamia.

Sasa nijibu haya. Ukisaini, jina linabaki lako au linakwenda kwao? Mkataba umeusoma mwenyewe au umesomewa? Hamisi na wenzake wamo, au wanataka kushonesha kwingine? Nani atakuwa na kauli ya mwisho kitambaa kikibadilishwa kuwa cha bei ndogo? Ukikataa jezi, ofa nzima inakufa au wanaweza kuchukua kaptura peke yake? Ulishawauliza hilo? Shomari anasemaje, na mama je, umemwambia?

Nipigie picha kurasa zote, pamoja na ile ya mwisho yenye maandishi madogo, unitumie kabla ya kikao. Na wakikuharakisha, waambie unamsubiri mshirika wako aliyeko Marekani. Nipo tayari waniite hivyo.

Akupendaye,
Neema