Barua ya wazi kwa familia zinazongojea simu ya NFL

Kwenu wazazi, walezi, wajomba na mashangazi mnaoishi Marekani, mnaoongea Kiswahili nyumbani, na ambao mwaka huu kijana wenu anangojea kuchaguliwa na timu ya NFL, ligi ya kulipwa ya mpira wa Kimarekani.

Wakubwa wenzangu nawasalimu. Vijana mtakaosoma, marahaba.

Wengi wenu mlikulia mahali ambapo mpira ni wa miguu. Mtoto akiwa mzuri, klabu inakuja, mnakaa, mnapatana, anasaini. Drafti ya NFL haina mapatano ya namna hiyo, na wala haihusiani na drafti ya kete ya kijiweni. Kijana hachagui timu. Timu 32 ndizo zinazochagua, kwa zamu, raundi 7, siku 3 za mwisho wa Aprili, na iliyofanya vibaya msimu uliopita ndiyo inayotangulia. Mwaka 2025 waliochaguliwa walikuwa 257 tu kutoka vyuo vyote. Timu ikishamtaja, ni hiyo tu yenye haki ya kumsajili, hata kama iko kwenye baridi ambayo mama yake hawezi kuivumilia.

Neno langu kwenu ni kwamba kazi yenu yote ifanyike kabla ya Alhamisi ya drafti, na sehemu yake kubwa iwe ni maandalizi ya Jumamosi. Familia nyingi hujiandaa kwa sherehe ya Alhamisi usiku, wakati kijana wao hana dalili yoyote ya kuitwa siku hiyo.

Siku zenyewe zimepangwa hivi, kwa saa za mashariki ya Marekani. Alhamisi saa mbili usiku ni raundi ya kwanza, vijana 32 au pungufu kidogo. Ijumaa saa moja jioni ni raundi ya 2 na ya 3. Jumamosi saa sita mchana zinaanza raundi ya 4 hadi ya 7, na hizo huenda mpaka jioni. Muulizeni wakala bila kumung'unya maneno: timu ngapi zimemwita kijana kwa mahojiano ya ana kwa ana? Kila timu inaruhusiwa kuwaalika makao makuu yake vijana 30 tu kutoka nje ya eneo lake, kwa hiyo mwaliko huo una uzito. Je, alialikwa kwenye vipimo vya Indianapolis mwishoni mwa Februari, ambako wanapima mbio za yadi 40, kunyanyua pauni 225, kuruka, na zaidi ya yote mwili wenyewe mbele ya madaktari wa timu zote? Kama hakualikwa Indianapolis, na timu zilizomwona ni zile zilizokuja chuoni kwake mwezi wa Machi, basi siku yenu ni Jumamosi, na huenda ni baada ya drafti kwisha. Orodha za ubashiri zinazosambaa mitandaoni zisiwape presha. Wanaoziandika hawajaona faili la daktari, na goti lenye kovu la upasuaji linaweza kumshusha kijana raundi tatu bila mtu wa nje kujua sababu.

Sasa simu. Timu humpigia kijana kabla jina halijasomwa. Humuuliza yuko wapi, kama ni mzima, kisha kocha au mwenye timu anazungumza naye maneno machache. Katika raundi ya 2 timu ina dakika 7 za kuamua, raundi ya 3 hadi ya 6 ina dakika 5, raundi ya 7 ina dakika 4. Simu ikikutwa inatumika, timu haitakaa kusubiri shangazi amalize salamu. Ikishindwa kumpata itampigia wakala, na inaweza kumchagua bila kuzungumza naye, lakini kwa kijana wa mwisho wa orodha msiiachie timu hata sababu moja ya kusita.

Hapo ndipo ndugu zetu wa nyumbani wanapoingia, na naomba mnielewe vizuri. Jumamosi saa sita mchana ya New York ni saa moja ya jioni Dar es Salaam na Nairobi. Watu wametoka kazini, wamekaa, wameshika simu. Alhamisi kule kwao ilikuwa saa tisa usiku, wamelala, hawakusumbua. Jumamosi, saa zile zile ambazo kijana wenu anaweza kuitwa, simu yake inaita kutoka kila upande: “Vipi, tayari?” Namba ngeni ya timu inakuja katikati ya namba ngeni za Kigoma. Kwa hiyo, wiki moja kabla, kijana awe na laini mpya ambayo namba yake wanayo wakala, maskauti (watafuta vipaji) wa timu na mzazi mmoja, basi. Simu ya zamani apewe dada mtu, akae nayo chumba kingine na awajibu watu wa kundi la WhatsApp la ukoo. Simu mpya ilale mezani ikiwa kwenye chaji, sauti juu, pale ambapo mtandao umeshajaribiwa. Ukumbi uliokodishwa kwa ajili ya sherehe unaweza kuwa na kuta nene na mtandao wa kubahatisha; nendeni mkaujaribu siku mbili kabla.

Na namba hiyo ilindwe. Mwaka 2025 Shedeur Sanders, ambaye wengi walimtabiria raundi ya kwanza, alikaa mpaka raundi ya 5, akachaguliwa wa 144 na Cleveland. Katikati ya kungojea alipigiwa simu na mtu aliyejifanya kiongozi wa timu, kwenye namba ambayo ilipaswa kujulikana na timu peke yake. Ligi iliitoza timu ambayo namba ilivuja kupitia kwa kocha wake faini ya dola 250,000, lakini ile simu kijana alikuwa ameshaipokea mbele ya watu wake. Kwenu iwe sheria: hakuna kupiga vigelegele, hakuna kuposti, mpaka jina lisomwe kwenye televisheni au wakala athibitishe na timu.

Jina la mwisho likishasomwa Jumamosi jioni, msizime televisheni mkaanza kulia. Kwa kijana wa kiwango cha katikati, saa inayofuata ndiyo yenye uzito kuliko siku zote tatu. Ambaye hakuchaguliwa sasa yuko huru kusaini na timu yoyote, na timu zinajaza nafasi zao mbio mbio, kwa sababu kila moja inataka kuingia kambini na wachezaji 90. Mara nyingi simu zinaanza hata raundi ya 7 haijaisha: skauti anauliza, “Usipochaguliwa, utakuja kwetu?” Anataka jibu hapo hapo. Atakayesema “nitafikiria” atakuta nafasi imechukuliwa na mwingine.

Kwa hiyo jibu liwe limeshaandikwa. Kijana na wakala wakae wiki mbili kabla na waandike timu tano au sita kwa mpangilio. Kwa kila timu watazame ina wachezaji wangapi wa nafasi yake, wana umri gani, mikataba yao inaisha lini, na miaka ya karibuni timu hiyo imewabakiza kikosini vijana wangapi wasiochaguliwa. Kisha, drafti ikiendelea, kila timu ikichagua kijana wa nafasi hiyo hiyo, ishushwe kwenye orodha. Kazi hii mzazi anaweza kuifanya kwa kalamu na daftari, na ni bora kuliko kutembea sebuleni.

Ofa zikija, msichague kwa bonasi ya kusaini peke yake. Tofauti ya dola 5,000 na dola 15,000 inaonekana kubwa mbele ya kodi ya nyumba, ila kijana akikatwa, yaani akiachwa na timu, mwezi wa Agosti kwa sababu timu ina wanne wazuri kuliko yeye, tofauti hiyo haina maana. Jambo la kuuliza ni kama kuna sehemu ya mshahara iliyodhaminiwa. Timu inayokubali kupoteza pesa ikimkata itafikiri mara mbili kabla ya kumkata. Ulizeni pia kama kinachotolewa ni mkataba au ni mwaliko wa majaribio ya wikiendi moja tu. Mwaliko hauna mshahara wala ahadi. Aende kama hana kingine, lakini familia isitangaze kwamba “amesajiliwa”.

Kutochaguliwa si hukumu ya kipaji. Kurt Warner hakuchaguliwa mwaka 1994, na Antonio Gates hakuchaguliwa mwaka 2003. Wote wawili leo wamo kwenye ukumbi wa heshima wa mpira huo. Jordan Mailata alitokea raga Australia, akachaguliwa wa 233 mwaka 2018, na Februari 2025 alitwaa ubingwa na Philadelphia. Brock Purdy alikuwa wa mwisho kabisa mwaka 2022, wa 262, na miaka miwili baadaye alikuwa uwanjani kwenye fainali. Na wako wengine wengi ambao walikatwa, na majina yao hamyajui. Mwambieni kijana wenu yote mawili.

Pesa sasa, maana hapa ndipo nimeona familia zikivunjika. Kijana wa raundi ya 7 akisaini mkataba wa miaka minne, magazeti yataandika zaidi ya dola milioni 4. Ukoo utasoma milioni 4. Fungueni mkataba wenyewe mkasome. Cha uhakika ni bonasi ya kusaini, ambayo kwa raundi ya 7 ni dola laki moja na ushei, na hata hiyo inakatwa kodi kabla haijamfikia. Mshahara wa mwaka wa kwanza ulikuwa dola 840,000 kwa kiwango cha chini cha mwaka 2025, lakini unalipwa kwa wiki za msimu, na kwa aliyebaki kwenye kikosi cha wachezaji 53. Ugawanyeni kwa wiki 18: kama dola 46,700 kwa wiki kabla ya kodi. Akikatwa wiki ya 6, wiki 12 zilizobaki hazimhusu. Akirudishwa kwenye kikosi cha mazoezi, mwaka huo 2025 kiwango cha chini kilikuwa dola 13,000 kwa wiki, na anaweza kuachwa wiki yoyote. Kodi ya serikali kuu peke yake inafika asilimia 37 juu kabisa, na majimbo mengi anakocheza ugenini yanadai yao kwa siku alizofanya kazi kule.

Mchujo wa kutoka wachezaji 90 kwenda 53 ni mwishoni mwa Agosti. Kuanzia Aprili hadi siku hiyo, familia isinunue gari, isianze msingi wa nyumba Mwanza au Goma, isiahidi ada ya mtoto wa binamu. Atakayeomba ajibiwe na mtu mmoja, na ningependa awe mama au mjomba mwenye msimamo, kwa maneno haya haya: “Bado hajabaki kikosini, tuongee Septemba.” Msimwachie kijana mwenyewe kukataa. Hawezi kumkatalia shangazi aliyembeba mgongoni, atakubali, halafu atakopa. Wako wakopeshaji wanaowafuata vijana hawa kabla ya drafti na mikopo ya riba kubwa, dhamana ikiwa ni mshahara ambao haujapatikana.

Wakala awe amethibitishwa na chama cha wachezaji, NFLPA. Kikomo cha malipo yake ni asilimia 3 ya mkataba, na fomu ya chama inasomeka asilimia 1.5 msipoandika nyingine. Juu ya mshahara wa dola 840,000, hiyo ni dola 25,200 au dola 12,600, kwa hiyo angalieni nambari iliyojazwa pale kabla kalamu haijagusa karatasi. Analipwa kadiri kijana anavyolipwa, si mapema. Mnaweza kumwacha kwa notisi ya maandishi ya siku 5. Swali ambalo wazazi husahau: gharama za mazoezi na malazi za Januari hadi Machi, alizolipa wakala, ni zawadi au ni deni? Mara nyingi jibu liko kwenye karatasi ya pili ambayo kijana alisaini akiwa peke yake.

La mwisho linawahusu hasa nyinyi mliopitia kambi za wakimbizi. Wengi wenu makaratasi yana tarehe ya kuzaliwa ya 1 Januari, jina la baba limekaa mahali pa jina la mtoto, na chuo kimemwandika kwa tahajia nyingine. Timu ni mwajiri kama mwajiri mwingine, na itadai uthibitisho kwamba anaruhusiwa kufanya kazi. Pia timu za NFL hucheza mechi London, Ujerumani na kwingineko, na asiye raia anahitaji hati ya safari ambayo huchukua miezi kutolewa. Marekebisho hayo yaanzwe msimu wa mwisho chuoni ukiwa bado unaendelea, yasingojee Mei.

Kambi ya vijana wapya huwa wiki moja au mbili tu baada ya drafti. Usiku ule wa Jumamosi, iwe amechaguliwa raundi ya 5 au amesaini baada ya zote, mpeni ugali wake, mpunguze wageni kufikia saa nne, alale. Jumapili asubuhi begi liwe mlangoni: viatu viwili vya kuchezea alivyokwisha kuvizoea, nakala za vipimo vyote vya hospitali, kadi ya uhamiaji au pasi ya kusafiria, kadi ya bima ya jamii, na karatasi yenye namba ya mtu mmoja wa nyumbani wa kumpigia.