Mashindano ya madaraja ya chini ya hoki ya vijana yasifutwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niijibu makala mliyoichapa hivi karibuni, ambayo mwandishi wake alishauri kwamba mashindano ya kimataifa ya hoki ya barafuni kwa vijana yabaki kwa mataifa kumi ya daraja la juu peke yake, madaraja yaliyo chini yafutwe, na fedha zitakazookolewa zipelekwe kwenye kambi za mafunzo. Hoja aliyoitegemea zaidi ilikuwa ya matokeo: kwamba timu ya vijana kufungwa mabao kumi na tano au ishirini bila majibu hakuwafundishi kitu ila aibu. Nimeyafuatilia mashindano haya kwa miaka mingi, mara chache nikiwa ukumbini na mara nyingi kupitia matangazo ya intaneti, na nina hakika kwamba ushauri ule ukifuatwa utawaumiza hasa wale ambao mwandishi alidhani anawahurumia.

Kwa faida ya msomaji asiyeujua mpangilio wenyewe, Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafuni, lililoanzishwa Paris mwaka 1908, huandaa ubingwa wa dunia wa vijana wa chini ya umri wa miaka 20, uliopata hadhi rasmi mwaka 1977, na ule wa chini ya miaka 18, ulioanza mwaka 1999. Wasichana wa chini ya miaka 18 walipata ubingwa wao mwaka 2008. Kwa wavulana, daraja la juu lina timu kumi. Chini yake kuna daraja la kwanza, la pili na la tatu, na kwa kawaida kila moja hugawanywa kuwa kundi A na kundi B. Kundi lenye timu sita hukutana katika mji mmoja, kila timu ikacheza mechi tano ndani ya wiki moja hivi, kisha ya kwanza ikapanda na ya mwisho ikashuka. Humo ndimo wamepita vijana wa Iceland, Mexico, Uturuki, Israeli, Australia, New Zealand na Afrika Kusini, nchi ambayo imekuwa mwanachama wa shirikisho hilo tangu mwaka 1937. Ukizihesabu timu zote za wavulana wa chini ya miaka 18, zilizo nje ya zile kumi za juu zinazidi thelathini. Anayetaka madaraja hayo yafutwe anaziambia nchi zaidi ya thelathini kwamba vijana wao hawana pa kucheza wakiwa wamevaa jezi ya taifa.

Sasa nije kwenye matokeo yaliyomkera mwandishi. Ni kweli kwamba vipigo vikubwa hutokea, na si vizuri kwa yeyote. Lakini sababu zake zinajulikana. Uwanja wa barafu una urefu wa mita sitini hivi na upana unaokaribia nusu ya hapo, na sakafu yote hiyo lazima igandishwe kwa mitambo, iwe kiangazi au kipupwe. Nchi yenye viwanja viwili au vitatu hulazimika kuvigawa kati ya watoto, watu wazima, wachezaji wa densi ya barafuni na wateja wanaolipa kuteleza kwa starehe, hivyo timu ya vijana huishia kupewa saa za alfajiri au za usiku wa manane. Kocha anayetafuta wachezaji ishirini na makipa wawili au watatu, wote wawe wamezaliwa ndani ya miaka miwili au mitatu tu, anachagua kutoka kwa watoto wachache mno, na pengine kati yao mna kipa mmoja wa kutegemewa. Timu kama hiyo ikikutana na timu iliyoshuka juzi kutoka kundi la juu yake, pengo litaonekana ubaoni. Dawa ya pengo hilo ni ngazi yenyewe ambayo makala inataka ivunjwe, kwa sababu aliyezidiwa hushuka na mwaka unaofuata akakutana na walio saizi yake, na mechi za saizi moja ndizo zinazomkuza mchezaji.

Tena matokeo ya mwaka mmoja si hukumu ya milele. Mwaka 1949, mjini Stockholm, Denmark ilifungwa na Kanada mabao 47 bila majibu katika ubingwa wa dunia wa wakubwa, na haikuonekana tena katika daraja la juu hadi mwaka 2003. Mwezi Mei mwaka 2025, mjini Herning, Denmark hiyohiyo iliitoa Kanada katika robo fainali kwa mabao 2 kwa 1. Kati ya siku hizo mbili mna miaka mingi ya kupanda na kushuka, ya wakubwa na ya vijana. Vijana wao wa chini ya miaka 20 walicheza daraja la juu mwaka 2008 wakashuka. Wakarudi mwaka 2012 wakashuka tena. Waliporudi mwaka 2015 wakabaki, na kwa miaka mitatu mfululizo, 2015, 2016 na 2017, wakafika robo fainali. Kama mtu angefunga mlango mwaka 2008 au 2012 kwa sababu ya vipigo walivyopata, sijui ni kambi gani ya mafunzo ingewafikisha walikofika.

Mfano huo wa Denmark unanifikisha kwenye jambo ambalo naona mwandishi hakulifikiria kabisa, nalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Timu ya vijana haidumu. Katika mashindano ya chini ya miaka 18 ya mwaka 2024, kwa mfano, walioruhusiwa ni waliozaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 2006, na mwaka uliofuata mstari ukasogea mbele. Mvulana hupata nafasi mara mbili, au tatu akiwa na kipaji cha mapema, kisha umri unamtoa. Ndiyo kusema wanaopigana wiki nzima wakaipandisha timu daraja, wengi wao hawatalicheza daraja hilo. Watakaokwenda kulicheza ni wadogo zao. Na wadogo hao wakishushwa, watakaolipa deni ni watoto ambao leo wana miaka kumi na minne na bado wanajifunza kugeuka kinyumenyume juu ya viatu vya kutelezea. Nimewaona vijana wa miaka kumi na minane wakilia kwa furaha baada ya mechi ya mwisho ya kundi, wakijua fika kwamba walichokipata ni cha wenzao. Sijaona katika michezo ya vijana jambo linaloniheshimisha zaidi kuliko hilo.

Kwa sababu hiyo, mwaka ukipotea haurudi. Tumeshaliona kwa macho. Mashindano ya vijana wa chini ya miaka 18 ya Machi na Aprili 2020 yalivunjwa kwa sababu ya UVIKO-19. Msimu uliofuata daraja la juu likaokolewa: vijana wa chini ya miaka 20 walicheza Edmonton, Kanada, bila watazamaji, na wale wa chini ya miaka 18 wakacheza Frisco na Plano, katika jimbo la Texas, wakiwa wametengwa na kupimwa mara kwa mara. Madaraja ya chini yote ya vijana yalifutwa mwaka huo wa 2021. Silaumu tahadhari, ugonjwa ulikuwa unaua, na hakuna mechi yenye thamani ya uhai wa mtu. Hata hivyo mvulana aliyezaliwa mwaka 2003 katika nchi ya daraja la pili au la tatu alipoteza mwaka wake wa kumi na saba na wa kumi na nane kwa pamoja, yaani karibu maisha yake yote ya uchezaji wa kimataifa wa rika hilo, wakati mwenzake wa rika lileile wa daraja la juu aliwekewa utaratibu, madaktari na hoteli. Ilipobidi kuchagua nani asubiri, ilionekana wazi ni nani. Makala yenu inataka ile hali ya dharura iwe ndiyo desturi.

Kuhusu kambi za mafunzo, sizipingi hata kidogo. Ningefurahi kuona kambi ya siku tatu nne ikifanyika kabla ya kila kundi, katika uwanja uleule, makocha wa makipa wakiwemo, maana kipa ndiye anayeachwa peke yake zaidi katika nchi ndogo. Kinachonitatiza ni kuiweka kambi mahali pa mashindano. Kambini hakuna msimamo wa kundi, hakuna pointi tatu za kushinda ndani ya dakika sitini wala mbili za kushinda katika muda wa nyongeza, hakuna waamuzi kutoka nchi nyingine ambao nao wanajifunza kazi na kupimwa. Chama cha nchi ndogo kinapokwenda kumwomba mfadhili au halmashauri saa zaidi za barafu, kinachosikilizwa ni kwamba timu ya taifa ya vijana inasafiri mwezi wa tatu kwenda kushindana na itarudi imepanda au imeshuka. Kambi haimshughulishi mtu yeyote nje ya wazazi.

Wapo wanaoyatetea madaraja haya kwa kutaja nyota, na kweli mifano ipo: Anže Kopitar wa Slovenia aliichezea nchi yake katika daraja la kwanza la vijana kabla ya kuwa nguzo ya klabu ya Los Angeles Kings iliyotwaa Kombe la Stanley, taji la ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, mwaka 2012 na 2014. Namheshimu sana, lakini sipendi utetezi uegemee kwake. Wengi wa wanaocheza daraja la tatu hawatalipwa hata senti moja kwa kucheza hoki. Watakuwa walimu, mafundi na wauguzi, na baadhi yao watarudi jioni kuwafundisha watoto wa klabu yao. Hao nao wanastahili mashindano.

Niruhusu nieleze tukio moja nililoliona nikiwa nimekaa safu ya nne nyuma ya lango. Timu iliyokuwa ikifungwa ilikuwa imeshapitwa kwa mabao kumi na matatu, na kipa wake, mvulana ambaye uso wake haukuonekana vizuri nyuma ya wavu wa chuma wa kofia yake, alikuwa ameshapigiwa mashuti zaidi ya hamsini. Kila bao lilipoingia alichukua chupa yake juu ya lango, akanywa, akairudisha mahali pake, kisha akakwangua barafu mbele ya lango kwa viatu vyake, kushoto na kulia, kama anayeanza mechi. Ilipokwisha, timu zote mbili zikajipanga kwenye mistari ya buluu, na kama ilivyo desturi ya mashindano haya akatangazwa mchezaji bora wa kila upande. Lilipotajwa jina lake, wachezaji wa timu iliyoshinda ndio waliotangulia kuyagonga magongo yao kwenye barafu, wakaendelea kuyagonga hadi akafika katikati ya uwanja. Kisha ukapigwa wimbo wa taifa wa walioshinda, naye akausikiliza wote akiwa amevua kofia, nywele zikimtiririka jasho. Aibu aliyoiandika mwandishi wenu sikuiona kwa kijana yule, wala kwa mama aliyekuwa amekaa mbele yangu akipiga picha.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Gazeti lenu huchapa matokeo ya daraja la juu la vijana kila mwisho wa Desemba, tena kwa picha. Kati ya Machi na Aprili, makundi mengi ya vijana wa chini ya miaka 18 yanapochezwa, chapeni pia msimamo wa kila kundi hadi daraja la tatu kundi B, hata kwa herufi ndogo kabisa za ukurasa wa michezo: nani amepanda, nani ameshuka, na mji gani umewapokea. Nafasi ya nusu safu inatosha.

Wako katika michezo,
Msomaji wenu wa siku nyingi